Kaka Ananisubiri Kwenye Kitabu cha Kumi na Nne

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia kutoka Mtanda, Lindi. Nina miaka 36, ni karani wa chama cha msingi cha korosho. Minada imefungwa, magunia yameondoka ghalani, na kwa mara ya kwanza tangu Oktoba nina jioni zangu mwenyewe. Nadhani ndiyo maana jambo hili limepata nafasi ya kunikosesha usingizi.

Mwaka 2004 kaka yangu alikuwa chuoni Dar es Salaam, mimi kidato cha pili hapa Lindi. Alinunua kitabu kinene cha mtumba kwa wale wachuuzi wanaotandaza vitabu chini kule Posta, akakisoma, akakifunga kwa gazeti na kamba ya katani, akamkabidhi kondakta wa basi. Kilikuwa kitabu cha kwanza cha The Wheel of Time, riwaya ya fantasia ya Robert Jordan. Wakati huo kipande cha Ndundu hadi Somanga hakikuwa na lami, na mvua zikishika basi linalala njiani. Nilikwenda stendi siku mbili mfululizo kuulizia kifurushi changu. Kiingereza changu kilikuwa cha darasani tu, kwa hiyo nilisoma na kamusi pembeni, na nilipomaliza nilimwandikia Kaka barua ya kurasa nane. Akajibu kwa kurasa kumi, na kitabu cha pili juu yake.

Hivyo ndivyo tulivyokuwa marafiki, Shangazi. Amenizidi miaka saba. Kabla ya hapo alikuwa mtu wa kunituma maji na kunikagua madaftari. Vitabu ndivyo vilivyotukalisha mkeka mmoja.

Kisha, mwaka 2006, kikaja cha kumi. Cha tisa kilikuwa kimeishia kwenye tukio kubwa, nikabaki na kiu ya kujua kitakachofuata. Nafungua cha kumi, nakuta kurasa mamia za watu wanaotazama kwa mbali jambo ambalo mimi nilishalisoma. Wanaoga, wanakunywa chai, wanapanga. Perrin, mmoja wa mashujaa wa hadithi, anamtafuta mkewe aliyetekwa: kitabu kinaanza anamtafuta, kitabu kinaisha bado anamtafuta. Niliumia. Nilimwambia Kaka kwamba mwandishi huyu anatupunja kama mnunuzi wa kangomba, yule anayenunua korosho kwa magendo, anavyompunja mkulima.

Nikaacha. Mwaka uliofuata mwandishi akafariki, na baadaye tukasikia mtu mwingine, tena kijana, amepewa kazi ya kumalizia. Nilimwambia Kaka maneno ninayoyakumbuka mpaka leo. Nilisema mwenye hadithi akifa na hadithi izikwe naye, na kumpa mtu mwingine aimalizie ni sawa na kuvaa nguo za marehemu kabla ya arobaini. Kaka hakunijibu. Tangu siku ile hatukuzungumza tena habari za vitabu. Tunazungumza ada za watoto, shamba la mama, nani kaumwa.

Mwezi uliopita alikuja kututembelea kutoka Masasi, anakofundisha. Alipoondoka nilikuta kitabu mezani: A Memory of Light, cha kumi na nne, cha mwisho. Ndani kaandika kwa kalamu ya wino: "Mdogo wangu, nilisoma mpaka cha kumi na tatu nikasimama. Hiki sijakifungua. Nilikuwa nakusubiri." Cha kumi na moja, cha kumi na mbili na cha kumi na tatu alishaniachia miaka mingi iliyopita. Viko kwenye sanduku la mama, sijavigusa.

Shangazi, hii ni wiki ya nne kitabu kipo mezani, nakifuta vumbi tu. Shaka zangu ziko palepale. Sipendi mtu amalizie kazi ya mwenzake. Nusu ya majina nimeyasahau. Naogopa kuingia kwenye kurasa zaidi ya 900 nikatoka na hasira ileile. Na nikisoma kwa kumwonea huruma tu, Kaka atajua, ananifahamu. Niende moja kwa moja cha mwisho? Nirudie vyote toka mwanzo? Nitafute muhtasari? Au nimrudishie nimwambie ukweli?

Nilisahau kusema: Kaka ana presha ya macho. Jicho la kushoto limebaki na mwanga kidogo, la kulia bado anasomea lakini maandishi madogo yanamshinda. Aliniambia, kama mtu anayetania, kwamba huenda itabidi nimsomee.

Wako mtiifu,
Dada Mdogo, Lindi

*

Marahaba mwanangu,

Ulichosema ulisahau kukisema ndicho nilichokisoma mara tatu. Nitakifikia. Lakini kwanza nataka kuzijibu shaka zako moja baada ya nyingine, kwa sababu ni shaka za msomaji aliyependa kitu, na mtu wa namna hiyo hajibiwi kwa kuambiwa "we soma tu".

Kuhusu cha kumi, uliona sawasawa. Crossroads of Twilight kilitoka Januari 2003, baada ya wasomaji kukisubiri tangu Novemba 2000, na sehemu kubwa yake inarudi kuonyesha watu wengine walikuwa wapi na wanafanya nini saa ileile ya tukio lililofunga cha tisa. Ulikuwa uamuzi wa fundi, na kwa maoni yangu ulimshinda. Mimi mwenyewe nilikiweka chini mara tatu. Kwa hiyo usije ukamwomba Kaka radhi kwa hilo.

Ila tazama ulichofanya baadaye. Ulichukua hukumu ya kitabu kimoja, hukumu ya haki kabisa, ukaihamishia kwenye vinne ambavyo hujavifungua. Wewe ni karani wa korosho. Ukikuta gunia moja lina unyevu unalitenga, unaendelea kupima. Hufungi ghala.

Na kuna jambo nadhani hukulijua. Ulipokuwa unaacha, mwaka 2006, cha kumi na moja kilikuwa kimeshachapishwa. Kinaitwa Knife of Dreams, kilitoka Oktoba 2005, na kila neno ni la Jordan mwenyewe. Mafundo yaliyokaa vitabu vitatu vinne bila kufunguliwa yanafunguliwa humo, mwendo unarudi, na unamsikia tena yule mtu aliyekupeleka stendi siku mbili kungoja basi. Uliondoka barazani wakati mwenyeji anakwenda jikoni kuleta chakula.

Sasa hilo la nguo za marehemu. Ni neno zito, na najua limetoka wapi. Tunaheshimu matanga, na mali ya marehemu haiguswi hovyo. Lakini kwetu mtu akifa tunauliza maswali mawili: marehemu aliacha neno gani, na mjane anasemaje? Uulize hayohayo hapa.

Marehemu aliacha neno. Mwezi Machi 2006 Jordan aliwatangazia wasomaji wake kwamba ana amiloidosisi, ugonjwa ambao kwake ulishika moyo. Alifariki tarehe 16 Septemba 2007, akiwa na miaka 58. Katika miezi hiyo ya kuumwa hakuizika hadithi. Aliwasimulia watu wa nyumbani kwake mwisho wake, wakaandika, wakarekodi. Na tukio la mwisho kabisa alikuwa ameshaliandika kwa maneno yake. Ukifika kurasa za mwisho za kitabu kilichopo mezani kwako, mwanangu, utakuwa unamsoma yeye, si mwingine.

Na mjane? Mjane wake, Harriet McDougal, ndiye aliyekuwa mhariri wa vitabu hivyo tangu cha kwanza kilipotoka mwaka 1990. Anaijua hadithi hiyo kuliko mtu yeyote aliyebaki. Ndiye aliyemchagua Brandon Sanderson, baada ya kusoma maombolezo aliyoyaandika juu ya mumewe, kisha akasoma riwaya yake moja kuona kama mkono wake unaweza. Na huyo kijana unayemshuku alianza kuisoma hadithi hii akiwa mwanafunzi wa sekondari, kama wewe. Hakuna aliyevaa nguo za marehemu kabla ya arobaini. Mjane ndiye aliyezigawa, na marehemu alishasema ziende wapi.

Sitakuambia kwamba hutaona tofauti. Utaiona. Kitabu kimoja kilichokuwa kimebaki kiligeuka vitatu, 2009, 2010 na 2013, na kwenye hicho cha 2009 Mat, shujaa mwingine wa hadithi, anachekesha kwa namna ambayo si yake. Sanderson mwenyewe amekiri hakumpata vizuri mwanzoni. Sentensi ni fupi na nyepesi zaidi, hakuna tena zile aya ndefu za vitambaa na mapazia. Kwenye cha mwisho kuna sura moja ya vita inayokaribia kurasa mia mbili, na ndani yake wapo watu niliowapenda wanaondoka kwa mistari michache. Yupo mmoja, simtaji, ambaye nilifunga kitabu nikatoka nje nikakaa kibarazani mpaka adhana ya alfajiri. Nilitaka apewe sura yake mwenyewe. Bado nataka.

Lakini nikuambie habari ya bibi yangu, maana ndiye aliyenifundisha kusoma vitabu vya namna hii ingawa yeye hakujua kusoma.

Tulikuwa Mikindani. Bibi alikuwa na hadithi moja ambayo haikuisha kwa usiku mmoja, ya binti aliyeolewa na jini wa baharini na kaka zake wanaomtafuta. Kila jioni baada ya isha tulikaa mkekani, yeye anamenya ming'oko kwa ajili ya kesho, sisi tunaitikia "hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea". Msimu mmoja mzima kaka wale hawakufika popote. Walivuka mito, wakalala, wakavuka mingine. Tulilalamika. Bibi akasema safari ya kumtafuta ndugu ni ndefu, au mnadhani yuko sokoni? Kisha akaugua, akafariki, na kaka wale bado wako njiani.

Usiku wa tatu wa matanga, watoto tumejazana chumba kimoja, mama mdogo akaingia na taa, akakaa pale alipokuwa akikaa Bibi. Akasema, "Hadithi hadithi." Hakuna aliyeitikia. Akarudia. Binamu yangu mkubwa ndiye aliyeitikia peke yake, kwa sauti ya kukwama. Mama mdogo akamalizia hadithi ile. Jini wake alikuwa mpole kuliko wa Bibi. Alisahau kwamba kaka wa pili alikuwa kipofu wa jicho moja. Mimi nilikasirika, nikamwambia mbele ya watu kwamba hivyo sivyo Bibi alivyosimulia. Akanijibu, "Najua, mwanangu. Lakini kuna mambo matatu aliniambia yasikose." Akayataja.

Nimewasimulia wajukuu zangu hadithi hiyo mara nyingi, na mwisho ninaowasimulia ni ule wa mama mdogo, maana ndio mwisho nilionao. Jicho la kaka wa pili nimelirudisha. Bila mama mdogo kukaa kwenye mkeka ule na kukubali kukosea mbele yetu, kaka wale wangekuwa njiani mpaka leo.

Kwa hiyo jibu langu ni soma. Na soma ukiwa na shaka zako, usizivue mlangoni. Umeogopa kwamba ukisoma kwa huruma tu Kaka atajua; basi shaka zako usimfiche. Azisikie! Mtu aliyekaa na kitabu kilichofungwa akikusubiri hakuwa anasubiri kibaraka wa kusifia. Alikuwa anamsubiri yule msichana wa barua ya kurasa nane, na nina hakika barua ile haikuwa ya sifa tupu.

Usiende moja kwa moja cha mwisho. Utaingia kwenye vita hujui nani kasimama upande gani na kwa nini. Kurudia vyote toka cha kwanza ni mzigo utakaokushinda kabla ya cha tano, na vumbi litarudi. Na muhtasari usitafute, maana muhtasari unao: uko Masasi, unafundisha sekondari. Mpigie Kaka akusimulie cha kumi kwa mdomo. Najua ulikisoma, lakini ulikisoma kwa hasira, na umri umepita. Ukikwama jina, muulize. Mtu anayepoteza nuru ya macho anaambiwa kila siku vitu ambavyo hawezi tena kuvifanya. Hapa kuna kitu ambacho yeye anacho na wewe huna.

Kisha toa vile vitatu sandukuni. Cha kumi na moja, cha kumi na mbili, cha kumi na tatu, usome mwenyewe kwa macho, kuanzia sasa na masika yote, wakati shughuli ya chama imepungua. Vinaenda haraka. Mkifika Juni, watu wanapulizia salfa mikorosho, ndipo mfungue cha kumi na nne. Hicho usikisome peke yako. Ukisoma kurasa kumi kwa sauti kila usiku, ni kama nusu saa, utamaliza kwa takriban miezi mitatu, na mtakuwa mmefika mwisho kabla minada haijafunguliwa. Mtandao ukiruhusu, msomee moja kwa moja kwenye simu. Usiporuhusu, rekodi, mtumie kwa WhatsApp, asikilize akiwa amelala. Ukifika mahali pamekuudhi, simama hapohapo, sema kwa Kiswahili kilichokuudhi, uendelee. Kuna watu maarufu waliosoma vitabu hivi vizima vikarekodiwa vizuri sana, na kama ni kusikia maneno tu Kaka angeweza kuwasikiliza hao. Aliniuma moyo Kaka aliposema, kama anatania, kwamba huenda itabidi umsomee.

Kuhusu macho yenyewe, niruhusu niwe shangazi kamili. Presha ya macho, wanayoita glakoma, mara nyingi inaiba nuru bila maumivu yoyote. Kilichoshapotea hakirudi, lakini kilichobaki kinaweza kulindwa kwa matone na matibabu mengine, na matone hayo yanatiwa kila siku, hata siku mtu anapojisikia mzima. Muulize Kaka kama anayatia. Usimhoji, muulize tu mkishamaliza kurasa za siku hiyo. Na wewe nenda kliniki ya macho upimwe, mwezi huu. Ugonjwa huu unatembea kwenye familia, na ndugu wa tumbo moja wako hatarini kuliko watu wengine. Usiseme miaka 36 ni mapema. Nataka umalize vitabu vyako vyote.

Kitu kimoja ambacho huenda ulikisahau, au ulikipita kwa haraka ulipokuwa na kamusi pembeni. Kila kimoja cha vitabu hivi 14, sura ya kwanza inaanza na upepo. Unazaliwa mahali fulani, kwenye milima au juu ya maji, unavuma juu ya nchi na vijiji mpaka unamfikia mtu, na hadithi inaanzia hapo. Mwandishi alikuwa mzaliwa wa Charleston, mji wa bandari huko Marekani, na mimi huwa nawaza kwamba mtu wa pwani ndiye anayejua kuanza hivyo. Sanderson aliushika upepo huo, hakuuacha. Ninyi mtakapofungua cha mwisho kusi itakuwa imeshika, na pale Lindi utaisikia kwenye makuti na mabati. Usifunge dirisha unaporekodi. Acha Kaka ausikie na yeye huko bara.

Huna haja ya kutunga maneno ya kuanzia baada ya miaka yote hiyo. Mpigie leo jioni, baada ya salamu muulize kama Perrin alimpata mkewe.

Shangazi wa Vitabu, Mtwara